Saa ya pembe nne: usidanganyike na sura, chungulia ndani!

Unamkuta kijana wa mjini kapiga pamba, mkononi saa ya pembe nne inang'aa, anajisikia kweli kweli. Muulize swali dogo tu: mashine iliyomo ndani ina umbo gani? Hapo utamwona anababaika.

Ukweli ni kwamba saa nyingi za pembe nne zimebeba mashine ya duara. Kiwandani ni nafuu, maana mashine moja inaingia kwenye kasha la kila aina. Lakini piga hesabu. Kasha lenye nafasi ya milimita 20 kwa 30 haliwezi kupokea duara linalozidi kipenyo cha milimita 20. Karibu nusu ya nafasi inabaki tupu!

Mafundi wa Uswisi wakaamua kutengeneza mashine inayofuata umbo la kasha: springi upande huu, gurudumu linalocheza huku na huko upande ule. Gurudumu likipata nafasi ya kuwa kubwa, saa inashika majira vizuri zaidi. Mwaka 1929 LeCoultre walitoa mashine ndefu kama kijiti, Calibre 101: urefu milimita 14, upana milimita 4.8, uzito gramu 1 hivi. Malkia Elizabeth II alivaa saa yenye mashine hiyo alipotawazwa mwaka 1953.

Tusiende mbali. Kwetu Kaagya, mjomba wangu anayo saa ya pembe nne ya kutia ufunguo. Kaachiwa na babu, aliyeinunua kwa pesa za kahawa. Ikagoma. Tukaipeleka Bukoba mjini kwa fundi, naye akaifungua na kusema: "Mzee, spea zake hakuna. Tuing'oe, tuweke ya betri."

Nikachungulia. Mashine yenyewe pembe nne, imejaa kasha zima! Ya betri ingebidi ibanwe kwa kipande cha plastiki, na ya babu iishie kwenye kopo la vyuma chakavu.

Mjomba akajibu taratibu: "Mwanangu, using'oe kitu. Isafishe, itie mafuta." Kumbe ni uchafu tu uliogandisha. Hadi leo inatembea.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyerithi saa ya mzee, fundi akitaja betri, mwambie kwanza afungue mfuniko wa nyuma nawe uone. Ukikuta pembe nne ndani ya pembe nne, kataa katakata. Ukikuta duara, usinune, majira ni yale yale. Ila majidai punguza, hata kama wewe ni nshomile!