Galaksi hazigongani, huchanganyikana

Juzi stima zilipotea Silanga, kule Kibera. Mulika mwizi, zile taa ndefu zinazotufichia nyota kila usiku, zikazimika. Kijana mmoja wa sekondari akatazama ule ukanda mweupe angani, akaniuliza: “Mwalimu, ati galaksi yetu itagongana na Andromeda? Si basi tutasagika?”

Nilimwambia kosa si lake, ni la neno. “Kugongana” hutuletea picha ya matatu mbili barabarani. Lakini nyota zimeachana mno, hata galaksi mbili zikipitiana ni nadra sana nyota kugusa nyota. Fikiria makundi mawili ya nyuki yakipenyana hewani: nyuki hawapigani vichwa, ila umbo la kila kundi huvurugika. Katika galaksi, kinachovuruga ni nguvu ya uvutano.

Galaksi yetu ni kama sahani yenye upana wa takriban miaka 100,000 ya mwanga. Ule ukanda mweupe ndiyo sahani yenyewe, tukiitazama kutoka ndani. Nyota zikizunguka kwa utulivu, sahani hubaki nyembamba kama chapati. Galaksi ndogo ikiingia, nyota hutikiswa juu na chini, sahani ikanenepa. Zikichanganyika mbili zinazolingana, mara nyingi sahani zote huvunjika, likabaki donge la nyota.

Hata sisi yametupata. Mwaka 2018 Amina Helmi na wenzake, wakitumia vipimo vya chombo cha Gaia, walionyesha kuwa yapata miaka bilioni 10 iliyopita galaksi yetu ilimeza nyingine, waliyoiita Gaia-Enceladus. Tukio hilo lilichangia kuinenepesha sahani ya kale. Baadaye gesi ilitulia, ikazaa sahani nyembamba ambamo Jua letu limo.

Na Andromeda? Iko umbali wa miaka milioni 2.5 ya mwanga. Hesabu zilizochapishwa 2025 zinasema uwezekano wa kuchanganyika nayo katika miaka bilioni 10 ijayo ni nusu kwa nusu.

Basi tuseme nini? “Muungano” hudokeza makubaliano, kama ya Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Mimi napendekeza “kuchanganyikana”, na “kumeza” pale mmoja anapokuwa mdogo. Neno likipotoka, mwanafunzi hupotoka nalo.

Stima zikarudi, nyota zikapotea. Kijana akacheka: “Kumbe hatusagiki, tunakorogwa tu!” Sikuwa na la kusahihisha.