Mlango uliokataa skwea

Dada yangu alinijia Ijumaa moja baada ya sala, uso umemkunjamana, akanambia: "Kaka, nenda kamseme mpwa wako. Mtihani umekaribia naye hana analofanya ila kuchezea kompyuta. Wewe ndiye mjomba wake, atakusikia."

Msomaji mwenzangu wajua kuwa mjomba kwetu ni mtu mkubwa. Akiitwa aseme, hana budi kusema. Basi nilitengeneza kofia yangu nikashika njia hadi kwao, na maneno yote nimekwisha yapanga kichwani: kwamba mchezo haumpi mtu riziki, kwamba babu yake alijua kushika randa akiwa na umri kama wake, na mengine ya namna hiyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Nikavuta kiti. Lakini nilipotupa jicho kwenye kioo cha ile kompyuta, maneno yangu yakaniishia.

Palikuwa na chumba cheupe. Ukutani mlikuwa na tundu la duara refu, ukingo wake buluu, na ndani ya tundu lile alionekana mwanamke amesimama, ametupa mgongo. Kila kijana aliposogea, yule mwanamke naye akasogea. Nikauliza ni nani yule. Akacheka: "Ni huyu huyu ninayemchezesha, mjomba. Anajiona mgongo wake mwenyewe."

Mimi ni mtoto wa seremala. Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa milango hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nimekulia kwenye vumbi la msaji, nikishika miimo huku yeye akipima. Najua mlango ni nini. Unatoka sebuleni, unaingia ukumbini, na kati ya sebule na ukumbi pana ukuta wa unene fulani. Mlango wa kukufikisha nyuma yako mwenyewe sijapata kuuona.

Mchezo ule unaitwa Portal. Ulitolewa Marekani mwaka 2007 na kampuni ya Valve. Asili yake ni mchezo mdogo wa mwaka 2005 ulioitwa Narbacular Drop, kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen. Valve walipouona wakawaajiri vijana wale. Mchezaji hupewa chombo mfano wa bunduki, ila hakiui mtu. Kinatoboa milango miwili, mmoja wa buluu na mmoja wa rangi ya chungwa. Ukiingia huu watokea ule, hata kama ule uko upande wa pili wa jumba, wala hapana ushoroba kati yake. Kizingiti cha mmoja ndicho kizingiti cha mwenziwe.

Kijana akanionyesha. Alitoboa mlango mmoja sakafuni, chini sana, na wa pili juu ukutani, kisha akamrusha yule mwanamke kutoka darini. Akaanguka ndani ya mlango wa sakafu, akachomoka ukutani kama jiwe la manati, akavuka shimo pana. Kasi aliyoingia nayo ndiyo aliyotoka nayo, ila upande umegeuka: chini kumekuwa mbele. Nakiri nilishika mkono wa kiti.

"Na kompyuta inajuaje cha kukuonyesha?" nikamwuliza.

Hapo akachukua karatasi na penseli, akanichorea. Kompyuta ina jicho, wanaliita kamera, nalo husimama pale aliposimama mchezaji. Ukiwa mbele ya mlango wa buluu, programu huweka jicho la pili nyuma ya mlango wa chungwa, kwa umbali ule ule na kwa pembe ile ile. Jicho hilo la pili huchora linachokiona, na picha yake hubandikwa ndani ya tundu la mlango wa buluu tu, isivuke ukingo. Pana tatizo dogo: jicho la pili mara nyingi huwa limesimama nyuma ya ukuta. Ukuta ule usingeondolewa katika hesabu, usingeona kitu ila chokaa. Kwa hiyo kila kilicho kati ya jicho na mlango hukatwa kisichorwe.

Je, milango miwili ikitazamana? Umeketi kwa kinyozi mwenye kioo mbele na kioo nyuma, ukajiona wewe, na ndani yake wewe, na ndani yake wewe tena? Ndivyo inavyokuwa. Mchora programu hana budi kuamua mapema picha zirudiwe mara ngapi, maana kompyuta haina subira isiyokwisha. Na mtu akiwa amesimama nusu huku nusu kule, huchorwa mara mbili, kila upande nusu yake.

Nilidhani haya ni mambo mapya. Kumbe milango ya namna hii ilikuwamo tangu michezo ya zamani. Katika Asteroids ya kampuni ya Atari, mwaka 1979, chombo kikitoka upande wa kulia wa kioo kinaingia kushoto, na kikitoka juu kinaingia chini. Chukua karatasi uunganishe kulia na kushoto: utapata bomba. Sasa unganisha midomo miwili ya lile bomba: utapata bangili. Wale watoto waliokuwa wakipiga majabali katika mchezo ule walikuwa wakisafiri juu ya bangili bila kujua. Pac-Man ya mwaka 1980 nayo ina njia ya pembeni ya kutokea upande wa pili.

Mwaka 2013 Alexander Bruce, mtu wa Australia, alitoa mchezo uitwao Antichamber, ambamo mtu hufuata ushoroba, akapinda kona baada ya kona, asirudi pale ambapo akili inamwambia angepaswa kurudi. Fikiri nguzo ya baraza. Ukiizunguka mara moja unarudi ulipoanza. Lakini tuseme ubavuni mwa nguzo ile pana mlango usioonekana wa kwenda baraza nyingine, na huko pia pana nguzo na mlango wa kukurudisha. Hapo utaizunguka mara mbili ndipo uione tena ndara yako uliyoiacha. Sakafu ni bapa kote, skwea inakaa sawa kote, ila ulimwengu umeunganishwa vingine. Kwa maoni yangu watu huchanganya mambo mawili hapa. Milango hii hubadili kipi kinapakana na kipi. Iko michezo mingine ambayo sakafu yenyewe ndiyo iliyobadilika.

Kijana akaniwekea wa namna hiyo, HyperRogue, uliotungwa na Eryk Kopczyński wa Warsaw, Poland. Ili niuelewe, akaniletea mpira wa miguu wa kizamani. Una vipande vyeusi 12 vya pembetano na vyeupe 20 vya pembesita. Vile vya pembetano ndivyo vinavyoufanya ujikunje ukawa mviringo. Ungeshona pembesita tupu ungepata kitu bapa, kama sega la nyuki. Sasa badala ya pembetano weka pembesaba. Kitambaa kitakosa pa kukaa, kitapanda na kushuka kama ukingo wa jani la saladi. Mama mmoja mwanahisabati, Daina Taimina, alipokuwa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1997, alifuma umbo hilo kwa uzi na sindano ya kufumia, akiongeza mishono kila mstari, ili wanafunzi walishike mkononi.

Ulimwengu wa HyperRogue umetandikwa vipande vya pembesita na pembesaba. Kioo huuonyesha wote ndani ya duara moja, na kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo kinavyosinyaa kuelekea ukingoni. Nafasi humo ni nyingi mno. Hatua chache tu, na njia zimekuwa maelfu. Ukikosea kona moja ukarudi kwa njia nyingine, hulioni tena ulipotoka. Nilijaribu mwenyewe. Nilipotea kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililonikaa moyoni tangu shuleni. Mwalimu wetu wa jometri, wa shule ambayo sitaitaja, alisema mistari miwili ikisimama wima juu ya mstari mmoja haikutani kamwe. Nikanyoosha mkono nikasema: juu ya ramani ya dunia, mstari unaopanda kaskazini kutoka Nanyuki na ule unaopanda kutoka Maseno yote yasimama wima juu ya Ikweta, na yote yakutana Ncha ya Kaskazini. Alinitoa nje. Nilikaa chini ya mwarobaini hadi kengele, na hesabu sikuipenda tena.

Mpwa wangu hakucheka. "Mjomba," akasema, "swali lako aliliuliza Omar Khayyam."

Sisi twamjua Khayyam kwa rubai zake. Lakini mwaka 1077 aliandika kitabu juu ya mashaka yaliyomo katika jometri ya Euclid, yule Mgiriki ambaye Waarabu humwita Uqlidis. Na alichochora, Subhanallah, ni mlango! Chini pana kizingiti. Juu yake miimo miwili, yenye urefu mmoja, imesimama kwa pembemraba. Kisha kizingiti cha juu kinaiunganisha. Swali ni moja: pembe mbili za juu zitakuwaje? Ama pembemraba, kama kila seremala anavyotaraji. Ama zimepanuka. Ama zimebanwa. Khayyam alizikanusha hizo mbili za mwisho, akadhani amemaliza. Nasir al-Din al-Tusi naye akashughulika na shauri hilo hilo, na kitabu kilichonasibishwa kwake kikachapishwa Roma mwaka 1594, kikasomwa na wataalamu wa Ulaya. Ilibidi kungoja hadi Lobachevsky wa Urusi mwaka 1829 na Bolyai wa Hungaria mwaka 1832 ndipo watu wakaikubali ile pembe iliyobanwa kuwa ina ulimwengu wake wenyewe, timamu, usiojipinga.

Ile iliyopanuka ni ya dunia yetu hii ya mviringo. Miimo yangu ya Nanyuki na Maseno, ukiipandisha kwa urefu sawa, huegemeana, na kizingiti cha juu huwa kifupi kuliko cha chini. Ila mlango uwe mkubwa kama nchi. Kwa mlango wa nyumba tofauti ni ndogo mno, ndiyo maana baba hakuwahi kurudishiwa kazi.

"Waweza kuujenga ule mwingine?" nikauliza.

Akafungua programu aliyokuwa akiiandika mwenyewe. Hicho ndicho kilichokuwa kikimkesha, si kucheza. Nikamtajia vipimo kama baba alivyokuwa akivitaja: kizingiti, mwimo, mwimo. Akavikuza ili kasoro ionekane. Akaweka kizingiti cha juu kwa mstari ulionyooka kuliko yote iwezekanayo mle, nacho kikatoka kirefu kuliko cha chini. Pembe za juu zikabanwa. Skwea aliyoichora haikuingia.

Tulipatana kwamba kompyuta itafungwa kila siku baada ya Isha mpaka mtihani upite, naye akaniapia. Nilikuwa bado nautazama mlango ule dada alipoingia na sinia ya kahawa.

"Umemsema?"

"Nimemsema."

Akainama kidogo kwenye kioo. Yeye naye ni binti wa fundi. "Nani kaunda mlango huu? Huo hauingii ubao. Juu haupo sawa."

"Mama," kijana akamwambia, "pima kwanza sakafu."

Dada aliweka sinia chini, akavuta kiti.