Stempu ya Lumbwa: usitume pesa kabla hujaigeuza

Kama wewe ni wa Kipkelion, muulize guka: zamani kituo cha reli hapa kiliitwa Lumbwa. Ndiyo maana wakusanyaji huisaka stempu ya mkoloni yenye muhuri wa jina hilo. Hata mimi niliingia boksi. Nilituma elfu mbili kwa M-Pesa, muuzaji akanibloku.

Sasa sikiza. Kuna matapeli wanaochukua stempu za bei kubwa zilizolipia ushuru kwenye hati, wanaosha wino wa kalamu, halafu wanagonga muhuri feki wa posta.

Kwanza, itisha picha safi, mbele na nyuma. Pili, soma tarehe. Stempu zenye majina Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza 1935. Muhuri ukisema 1928, huo ni uongo, hata bei iwe poa vipi. Tatu, lipa ukishaishika mkononi. Akikataa, kwaheri.

Umeshalizwa? Usifute chochote. Peleka jumbe zote na ule wa M-Pesa polisi. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ipo tangu 2018. Mimi niliona aibu, nikanyamaza. Aibu yangu ndiyo ilikuwa mtaji wake.