Fahamu: Leza hurekebisha tatizo lipi la macho?

Upasuaji wa leza hauongezi nguvu ya jicho. Huichonga konea, kile kioo cha mbele ambacho unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Ndiyo maana humfaa asiyeona mbali, kwa kuipunguza konea katikati. Asiyeona karibu, kwa kuichonga pembeni ili katikati pabinuke zaidi. Na mwenye astigimatizimu, ambaye konea yake imepinda kama mgongo wa kijiko. Wapo watakaouliza: mbona waliofanyiwa ujanani huhitaji miwani ya kusomea wakishavuka miaka 40? Si kwamba leza ilishindwa. Kilichokakamaa ni lenzi iliyo ndani, ambayo upasuaji huu hauigusi kabisa. Mtoto wa jicho pia hutokea kwenye lenzi hiyohiyo, na hutibiwa kwa kuitoa na kuweka ya bandia.