Kupiga Msasa Sakafu ya Mbao Nyumbani

Sakafu ya mninga au mvule iliyofifia haihitaji kung'olewa. Kwa kawaida kilichochakaa ni vanishi ya juu, si mbao yenyewe, na mwenye nyumba aliye mwangalifu anaweza kuirudishia uzuri wake kwa mashine ya kukodi. Mashine hiyo watu huiogopa; wanachokidharau ni vumbi lake na matambara ya kupakia mafuta.

Kwanza chunguza unene wa mbao penye kizingiti cha mlango. Mbao nzima huvumilia kupigwa msasa mara kadhaa. Zile za tabaka, zenye ganda jembamba tu la mbao nzuri, huweza kutoboka mara ya kwanza. Zamisha vichwa vya misumari, kwani huchana msasa na kutoa cheche. Anza na msasa namba 40 ikiwa vanishi ni nzito, kisha 80, umalizie na 120. Fuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, wala usiiache mashine izunguke mahali pamoja. Itachimba bonde litakaloonekana wazi pindi vanishi mpya itakapong'aa.

Vumbi la mbao limetambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, na la mvule huwasha macho, ngozi na kifua. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi: vaa barakoa ya N95 au FFP2. Ikiwa sakafu ilipata kupakwa rangi zamani, usiipige msasa mkavu kabla rangi hiyo haijapimwa. Rangi nyingi za kale zilitiwa madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mtoto anayetambaa huyachukua mikononi, kisha mdomoni. Watoto na wajawazito wasilale katika nyumba hiyo hadi vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kufagia hulirusha tu hewani.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yanahitaji hadhari ya pekee. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara likikunjwa au kurundikwa, joto hukosa pa kutokea hadi moto uwake wenyewe, bila kiberiti, pengine usiku watu wamelala. Yatandaze nje moja moja, au yatumbukize katika kopo la bati lenye maji na kifuniko.

Unapopaka vanishi ya mafuta, fungua madirisha na uzime kila moto, pamoja na jiko la mkaa lililo chumba cha pili, kwa kuwa mvuke wake husambaa chini sakafuni. Dai risiti, na ununue kopo lenye lebo unayoweza kuisoma. Vanishi ya kupimiwa katika chupa ya maji ni rahisi, lakini haikuelezi muda wa kukauka wala tahadhari zake, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua kuwa si kinywaji.