Usiku mmoja kabla ya meli



Tunapopanga safari ya Goma kwa njia ya ziwa, wengi wetu tunahesabu vitu vitatu: tiketi ya meli, chakula cha njiani, na zawadi ya kupelekea ndugu. Kitu cha nne hatukihesabu, nacho ni mahali pa kulala kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Tunasema tu, “Mungu atasaidia, hatutakosa pa kulala.” Wiki hii tunaongea juu ya kitu hicho cha nne, kwa sababu kikundi chetu kilijifunza thamani yake kwa shida, na kwa sababu ya msiba uliotokea ziwani mwezi wa kumi mwaka 2024.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 tulialikwa na wamama wenzetu wa Goma waende kutufundisha kutengeneza sabuni kwao. Tulikuwa wamama 9 kutoka Walungu, na watatu kati yetu walibeba watoto mgongoni. Pesa ya tiketi tuliikusanya mapema na kutuma mtu atununulie Bukavu. Tiketi zilipofika zilikuwa zimeandikwa 7 h 30. Aliyezisoma mbele ya kikundi alikuwa mwalimu, mtu aliyesoma na mwenye diploma, naye akatangaza bila wasiwasi: “Meli inaondoka saa saba na nusu.” Wote tukaelewa saa saba na nusu ya mchana. Kumbe 7 h 30 ya Kifaransa ni saa moja na nusu ya asubuhi kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Mwalimu yule angali anaona aibu, na wenzake wangali wanamcheka.

Siku ile mvua ilinyesha toka alfajiri. Kutoka Walungu mpaka Bukavu ni kama kilometa 40 tu, lakini mwenye kujua barabara ile wakati wa mvua anajua kwamba kilometa si kitu, matope ndiyo yanayohesabu. Gari lilikwama mara mbili, tukashuka kusukuma, vikwembe vikajaa udongo. Tulifika bandarini saa tisa. Meli yetu ilikuwa imekwenda toka asubuhi, na kanoti ya mbio ya mchana nayo ilikuwa imeondoka.

Tulisimama pale na mizigo yetu. Mikononi tulikuwa na pesa ya chakula na ya kurudi, pesa ya kulala haikuwepo. Ndipo kijana mmoja akatuita kutoka pembeni: “Wamama, njooni, nafasi bado iko! Tunaondoka jioni hii, kesho asubuhi mko Goma.” Ilikuwa boti ya mbao. Ilikuwa imejaa magunia ya makala na maharagi, na juu ya magunia watu walikwisha kukaa. Hatukuona jile hata moja. Maji yalikuwa karibu kufika kwenye ukingo wake.

Wamama, tuseme ukweli. Zaidi ya nusu yetu tulitaka kupanda. Mmoja wetu aliuliza, “Tusipopanda, tutalala wapi na watoto hawa?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Mama mzee wa kikundi chetu aliweka mfuko wake chini, akaukalia, akasema: “Mimi siingii mle. Anayetaka kwenda aende, mtoto wake aniachie mimi.” Hakuna aliyeweza kumwachia mtoto. Basi tukabaki wote.

Usiku ule tulilala kwenye ukumbi wa parokia moja, juu ya mikeka, kwa huruma ya mke wa katekista. Baridi ilikuwa kali na mtoto mmoja alikohoa mpaka asubuhi. Kesho yake tuliomba mkopo kwa jamaa ili tununue tiketi mpya.

Na ile boti ya mbao? Ilifika Goma salama. Tulikutana na mama mmoja aliyekuwa ndani yake, akatucheka: “Ninyi mlipoteza siku na pesa, sisi tulifika.” Hatukuwa na neno la kumjibu. Kwa miezi mingi hata sisi wenyewe tulijiuliza kama mama mzee hakuwa mwoga tu.

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti iliyotoka Minova na watu wengi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, pale Goma, karibu sana na nchi kavu. Watu waliokuwa wakingoja ndugu zao ukingoni waliona kwa macho yao. Waliopona walieleza kwamba boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu wengi walikufa, kati yao wamama wenye kuleta chakula sokoni, na watoto. Wengi walikuwa wanapita ziwani kwa sababu vita vilifunga barabara ya Sake. Jioni ile simu zililia katika nyumba zetu zote. Kila mmoja wetu alikumbuka mambo yale yale: magunia ya makala, sauti ya yule kijana, na mama mzee amekaa juu ya mfuko wake.

Hatusemi kwamba waliokufa walikosa akili, hata kidogo. Mama anayepanda boti iliyojaa mara nyingi anaona hatari vizuri kabisa. Anapanda kwa sababu soko halingoji, kwa sababu mgonjwa anamngoja, na mara nyingine kwa sababu usiku unaingia na hana pa kulala. Sababu mbili za kwanza zinashinda nguvu zetu. Ile ya tatu tunaweza kuipunguza, sisi wenyewe, kwa falanga kidogo kidogo.

Ziwa letu ni zuri, lakini si la kuchezea. Kivu liko mita 1460 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana usiku wake una baridi. Kina chake kinapita mita 450, hivyo hata karibu na ukingo unaweza kukuta mahali pa kutisha. Mwenye haraka hachagui chombo, anachaguliwa na chombo. Mwenye pa kulala anaweza kusema, “Hapana, hii imejaa, nitangoja ya kesho.” Tumegundua kwamba pesa ya kulala kazi yake kubwa ni hiyo: inakupa uwezo wa kusema hapana.

Hata matajiri wanajua jambo hili. Watu wanaopanda meli kubwa za utalii katika bandari za Barcelona au Miami wana desturi ya kufika siku moja mbele na kulala hoteli, kwa sababu ndege inaweza kuchelewa na meli haiwangoji. Kama mtu mwenye barabara ya lami anaweka usiku mmoja mbele ya safari, sisi wenye matope ya Walungu tungefanyaje?

Sasa tueleze tulivyopanga. Kikundi chetu kina MUSO, na ninyi wengi mnajua makasha yake: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa shida za wanamemba. Hatukugusa makasha hayo. Tulifungua bahasha pembeni, tukaiita “bahasha ya usiku”. Kila anayetaka kusafiri anaweka falanga 3.000 kila wiki kwa wiki 10. Inakuwa falanga 30.000, na kwetu ilitosha usiku mbili katika nyumba ya wageni ya parokia, wamama wawili katika chumba kimoja: usiku mmoja kabla ya meli na usiku mmoja baada ya kurudi. Asiyesafiri anarudishiwa pesa yake yote.

Usiku wa kurudi wengi wanauona bure. “Nimekwisha kufika Bukavu, kwa nini nisiende nyumbani?” Lakini meli ikichelewa, unashuka jioni. Kutafuta gari la Walungu gizani, na mizigo na mtoto, ni kuanza safari ya pili yenye hatari kuliko ya kwanza. Lala, oga, asubuhi uende ukiona njia. Vilevile ukifika Goma kwa meli ya usiku kabla ya mapambazuko, usikubali kutoka bandarini na pikipiki usiyoijua. Ngoja pamoja na wenzako mpaka kupambazuke, kisha mwende nyumba mliyoiambia mapema kwamba mnakuja.

Kuna neno lingine ambalo wamama hawapendi kulisema mbele za watu. Kwetu, mama mwenye bwana akisema atalala hoteli, maneno yanaanza. Bwana anakasirika, shemeji wanauliza maswali, na jirani anatunga yake. Katika kikundi chetu mama wawili walikatazwa safari ya pili kwa sababu hiyo tu. Tulichofanya, mama mzee na mwekahazina walikwenda kuwaona wale mabwana nyumbani kwao, kwa heshima. Waliwaambia jina la nyumba, jina la parokia, namba ya simu ya sista anayepokea wageni, na nani atalala na nani. Bwana mmoja alikubali palepale. Wa pili alinyamaza, kisha akasema: “Kumbe mwaka jana mke wangu alilala chini na mtoto wangu? Hakuniambia.” Yeye mwenyewe ndiye aliyejaza bahasha. Ndugu zetu, wengi wa mabwana wetu si wakaidi, hawajaelezwa tu usiku wa bandarini ukoje.

Haya ndiyo tunayouliza kabla ya kukubali chumba, na tunaomba kila kikundi kiyaandike kwenye daftari lake.

Kwanza, mlango una ufunguo unaofunga kutoka ndani? Chumba kisichofungwa si chumba.

Pili, maji yapo, na choo kiko wapi? Choo cha nje ya ua si kizuri kwa mama mwenye mtoto usiku.

Tatu, chandalua kipo na kizima?

Nne, bei ni ya chumba au ya mtu? Ni ya falanga au ya dola? Kama ni dola, chukua noti safi, kwani yenye kupasuka hata kidogo watakurudishia. Omba risiti.

Tano, kutoka nyumbani pale mpaka bandarini ni mwendo gani kwa miguu? Chumba cha bei ndogo kilicho mbali kitakula pesa ya pikipiki, na asubuhi kitakuchelewesha.

Sita, usisahau kadi yako ya mchaguzi. Nyumba ya wageni itaiomba, na bandarini pia wanaweza kuiomba.

Na la saba, ambalo sisi tulililipia: ukishaweka mizigo chumbani, nenda bandarini jioni ileile na tiketi yako. Uliza kwa mdomo, “Meli hii inaondoka saa ngapi, saa ya Kiswahili au ya Kifaransa?” Angalia chombo kwa macho yako. Uliza kama jile ziko za kutosha, na za watoto. Faida ya kufika siku moja mbele ni kwamba unauliza maswali haya ukiwa na pumzi, siyo ukikimbia na mfuko kichwani.

Safari yetu ya pili tuliifanya hivyo. Tulifika Bukavu mchana, tukala, tukalaza watoto mapema. Jioni tulikwenda bandarini, na kweli saa ilikuwa imebadilishwa, meli ingeondoka nusu saa mbele ya ile iliyoandikwa. Asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye mstari. Hakuna kilichotokea njiani, hatuna kisa cha kusimulia. Tulifika Goma, tukafanya kazi, tukarudi.

Wamama, siku ya mkutano wenu ujao, ongeeni juu ya jambo hili dakika kumi tu. Nani kati yenu anasafiri kabla ya sikukuu? Atalala wapi usiku wa kwanza, na usiku wa mwisho? Kama hana jibu, anzeni bahasha siku hiyohiyo, hata kwa falanga 500. Na kama katika kikundi chenu yuko mama anayekaa juu ya mfuko wake na kukataa kupanda, msimcheke. Kaeni karibu naye.