Kodi ya Mitumba na AGOA: Nani Alizungumza na Nani, kwa Ajili ya Nani?



Mpendwa msomaji, ukipita kwenye mnada wowote wa mkoa wetu wa Mara, iwe Bunda, Butiama au hapa Musoma, utamkuta mama ametandaza nguo za mitumba juu ya turubai. Belo amelinunua kwa mkopo wa kikoba, na akiuza vizuri watoto wanakwenda shule. Mbele yake ameinama mkulima wa pamba anachagua shati. Yeye analima malighafi ya nguo, lakini shati analolivaa limetoka Marekani au Ulaya, tena limeshavaliwa na mtu mwingine. Jumapili wote wawili wanapiga magoti katika kanisa moja.

Mwaka 2016 serikali zetu ziliamua jambo ambalo lingemgusa kila mmoja wao. Miaka miwili baadaye uamuzi huo ulikuwa umebadilishwa kwa sehemu kubwa, baada ya mazungumzo yaliyofanyika mbali sana na mnada huu. Makala hii inaeleza yaliyotokea, kwa sababu Mkristo anapaswa kuelewa jinsi maamuzi ya namna hii yanavyofanyika.

Uamuzi wa Arusha

Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha. Waliazimia kwamba nguo na viatu vilivyokwisha kutumika viondolewe sokoni hatua kwa hatua, ndani ya miaka mitatu. Lengo lilikuwa kufufua viwanda vya nguo na ngozi.

Sisi wa Musoma hatuhitaji maelezo marefu juu ya hilo. Jina la Mutex linajulikana hapa, kama Mwatex kwa watu wa Mwanza na Urafiki kwa watu wa Dar es Salaam. Viwanda hivyo viliyumba kwa sababu nyingi: mitambo chakavu, umeme usioaminika, madeni, uendeshaji mbovu, kisha soko kufunguliwa kwa nguo za kutoka nje. Mitumba haikuwa sababu pekee, ila ilifanya kusimama tena kuwe kugumu zaidi. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu huchambuliwa, hufungwa marobota na kusafirishwa nje bila kuwa uzi wala kitambaa.

Silaha ya kwanza ilikuwa kodi. Ushuru wa forodha wa mitumba ulipandishwa mwaka huo kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi senti 40, au asilimia 35 ya thamani ya mzigo, kutegemea kipi ni kikubwa. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: dola 2.50 kwa kilo ya nguo. Tupige hesabu ya belo la kilo 45. Kwa kiwango cha zamani, ushuru wa chini ulikuwa dola 9. Kwa kiwango kipya, dola 18. Kwa kiwango cha Rwanda, dola 112.50. Kodi ya namna hii haikusudii kujaza hazina ya serikali tu. Inakusudia kuifanya bidhaa ya nje iwe ghali ili ya ndani ipate nafasi. Ndiyo maana huitwa kodi ya kulinda viwanda.

AGOA ni nini hasa?

Wengi huiita AGOA mkataba. Kwa kweli ni sheria ya Bunge la Marekani, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Mei 2000, na mwaka 2015 ikaongezewa muda hadi Septemba 2025. Iliziruhusu nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuuza bidhaa nyingi Marekani bila kulipa ushuru, zikiwemo nguo.

Tofauti kati ya mkataba na sheria ni kubwa. Katika mkataba, pande mbili hukaa mezani, na kila upande una haki ya kudai. AGOA ni mlango ambao mwenye nyumba ameufungua mwenyewe, naye ana uwezo wa kuufunga. Sheria hiyo ina masharti, na moja ni kwamba nchi inayonufaika iwe inaondoa vikwazo dhidi ya biashara na uwekezaji wa Marekani. Sharti hilo ndilo lililotumika dhidi yetu.

Ushawishi ulivyofanya kazi

Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa Marekani wanaokusanya, kuchambua na kuuza nguo zilizotumika, kijulikanacho kwa kifupi SMART, kilipeleka ombi kwa Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kilidai kwamba uamuzi wa Arusha ungehatarisha ajira zipatazo 40,000 nchini mwao, na kwamba nchi zetu zilikuwa zimevunja masharti ya AGOA.

Juni 2017 ofisi hiyo ilitangaza kuzichunguza Tanzania, Uganda na Rwanda nje ya ratiba ya kawaida ya kila mwaka. Mwezi uliofuata kikao cha kusikiliza pande zote kilifanyika Washington. Maoni yalipelekwa kwa maandishi na kwa mdomo. Wafanyabiashara wa Marekani walitetea ajira zao. Upande wa Afrika Mashariki ulitetea haki ya kujenga viwanda.

Huu ndio ushawishi wa kidiplomasia. Si lazima uwe rushwa, wala si lazima ufanyike gizani. Ni kazi ya kumfikia mwenye uamuzi kabla hajaamua, kumpa hoja, na kumwonyesha atakachopata au atakachopoteza. Chama cha wafanyabiashara humwendea ofisa wake. Ofisa huiandikia serikali ya nje. Balozi hupeleka ujumbe nyumbani. Waziri hupiga hesabu. Mwenye chama imara, wanasheria na fedha husikika mapema. Asiye na chama husikia matokeo redioni.

Kila nchi na hesabu yake

Kenya haikuwekwa kwenye uchunguzi huo kwa sababu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Viwanda vyake vya nguo, kama vile vya Athi River, viliuza Marekani kupitia AGOA nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, na maelfu ya vijana, wengi wao wasichana, waliishi kwa mishahara hiyo. Kwa Kenya, kulinda viwanda ambavyo bado havijajengwa kungeweza kuua vile vilivyopo.

Tanzania na Uganda zilikuwa na mauzo madogo zaidi, lakini hazikutaka kufungiwa mlango. Zilikubali kutoendelea na marufuku na kurudisha ushuru wa awali. Rwanda ilikataa. Rais Paul Kagame alisema wazi kwamba nchi yake itajenga viwanda vyake hata kama uamuzi huo una gharama.

Mwishoni mwa Machi 2018 Rais Donald Trump alitoa uamuzi: Tanzania na Uganda zingebaki na nafasi yao, ila Rwanda ingepoteza msamaha wa ushuru kwa nguo zake baada ya siku 60 kama haitabadili msimamo. Haikubadili. Tarehe 30 Julai 2018 msamaha huo ulisimamishwa. Bidhaa zake nyingine hazikuguswa, na kwa kuwa nguo zilikuwa sehemu ndogo ya mauzo yake Marekani, Rwanda iliweza kubeba hasara ambayo Kenya isingeibeba.

Hapa tunaona udhaifu mwingine. Jumuiya iliamua kama kundi moja Arusha, lakini shinikizo lilipokuja kila nchi ilijibu peke yake. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali tunayowafundisha watoto ilitimia juu ya watu wazima.

Kanisa linasema nini?

Mafundisho ya Kanisa hayatuambii ushuru wa mitumba uwe senti ngapi. Hilo ni jukumu la wataalamu na viongozi. Yanatupa kipimo. Mtakatifu Paulo VI, katika waraka *Populorum Progressio* wa mwaka 1967, alifundisha kwamba biashara huria peke yake haitoshi kuwa kanuni ya haki pale wanaouziana wanapokuwa na nguvu zisizolingana. Makubaliano si ya haki kwa sababu tu pande zote zimesema ndiyo. Yafaa kuuliza kama mnyonge alikuwa na uwezo wa kusema hapana.

Kipimo hicho kinaugusa upande wetu pia. Kodi ikipandishwa ghafla, kabla ya kuwepo kitambaa cha hapa ambacho maskini anaweza kukinunua, atakayeumia kwanza ni yule mama wa turubai na mteja wake. Na mitumba ikiondoka, nafasi yake inaweza kuchukuliwa na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia, mkulima wetu wa pamba abaki palepale. Kulinda viwanda ni haki. Lakini ulinzi usio na umeme wa uhakika, mikopo na bei nzuri ya pamba ni kama kujenga uzio kuzunguka shamba ambalo halijapandwa.

Tena ushawishi wenyewe si dhambi. Katika Injili ya Luka, sura ya 18, Bwana wetu anatutolea mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena mpaka akapata haki yake. Kuelekea Yubilei ya mwaka 2000, Mtakatifu Yohane Paulo II alihimiza nchi maskini zipunguziwe madeni, na waamini wa nchi nyingi waliungana na watu wengine wenye mapenzi mema kuwabana viongozi wao. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizopata nafuu hiyo. Huo nao ulikuwa ushawishi, ila uliwasemea wasiokuwepo mezani.

Kazi yetu

Mseminari anayesoma makala hii kesho atakuwa padre katika parokia yenye wauza mitumba na wakulima wa pamba. Watamletea malalamiko yanayopingana, na yote yatakuwa ya kweli. Asiwajibu haraka. Awasaidie kujiunga katika vyama vya ushirika na vikundi vya wafanyabiashara vinavyowajibika, wajue mbunge wao anasema nini kwenye mjadala wa bajeti kila Juni, na waweze kupeleka hoja zao kabla uamuzi haujafanyika.

Nanyi waamini, mkikutana katika Jumuiya Ndogo Ndogo, jiulizeni: katika kijiji au mtaa wetu, ni nani huathiriwa na kodi na bei bila kuulizwa? Na ni nani kati yetu anaweza kwenda kusema kwa niaba yake? Mkishapata jina, msiishie kwenye sala ya kufunga. Pangeni siku ya kwenda kuonana na diwani.